Carina ya Mzee Bado Inawaka

Saa kumi na moja alfajiri, Mbezi yetu ikiwa bado giza, nazungusha ufunguo nusu na kungoja. Taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja: betri, oili, handibreki, chekinjini. Nazihesabu kwa macho. Ya kuogopa ni ile isiyowaka wakati huu, kwa sababu balbu yake ikiwa imeungua, siku oili itakapoisha hakuna atakayekuambia. Zote zipo. Namalizia ufunguo, injini inashika, inanguruma juu kidogo kwa sababu imelala usiku kucha, halafu sauti inashuka yenyewe taratibu. Hapo ndipo naenda kufungua geti.

Jirani yangu wa ukutani ana gari la kubonyeza kitufe. Ni gari zuri, silisemi vibaya. Ila asubuhi moja alitoka na tai shingoni, akabonyeza, likakataa. Akabonyeza tena, likamwandikia kwamba ufunguo hauonekani, na ufunguo anao mkononi. Kumbe ni kibetri cha rimoti, kile cha shilingi elfu mbili, kimekufa. Nikampakia hadi Posta. Njia nzima alikuwa akiitazama redio yangu ya kaseti kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Tulipofika Ubungo ndipo aliposema, "Jirani, hii uliinunua lini?" Sikuinunua, nikamwambia. Nimeirithi, na aliyenirithisha yu hai.

Ni Toyota Carina TI ya mwaka 1998, rangi ya chai ya maziwa, namba B. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana ya namba B, lakini kwa aliye mbali: namba za magari binafsi hapa huanza na T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na ile herufi ya kwanza kati ya hizo tatu imegeuka kuwa cheti cha kuzaliwa cha gari. Namba A ni wazee wa baraza. Sasa hivi barabarani tunapishana na namba E. Kwa haki, herufi haisemi gari lilitengenezwa lini, inasema tu lilisajiliwa lini nchini. Gari la mwaka 2005 likishushwa bandarini leo litabandikwa namba E na kupita mtaani kama kijana. Lakini nani anahoji hayo? Kwenye maegesho ya ofisi macho ya watu hushuka kwanza kwenye namba, ndipo yapande usoni kwako. Nimewahi kuombwa kwenye kikao cha harusi, kwa adabu kubwa sana, nisijisumbue na msafara wa maharusi: "Gari lako, dada, tutaliweka la akiba."

Mzee, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alistaafu mwaka 2010, akakigawa kiinua mgongo chake mafungu matatu: bati za nyumba ya kijijini, ada ya mdogo wetu wa mwisho, na gari. Lilikuja kwa meli kutoka Japani likiwa na miaka 12 na kilomita 71,000, na kwa muda mrefu nilidhani Wajapani waliliuza kwa kuwa limechoka. Sivyo kabisa. Kule gari la abiria hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao si pesa ya kutoa mfukoni ukicheka. Likitimiza miaka 13, kodi inapanda. Kwa hiyo likikaribia umri huo, mwenyewe hupiga hesabu na kuona heri aliachie lingali zima. Carina yetu iliondoka kwao mwaka mmoja kabla ya mstari huo.

Ushahidi wa maisha yake ya kwanza bado upo. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye ubavu wa bodi pamebandikwa stika ndogo ya gereji, maandishi ya Kijapani, yenye kilomita na tarehe ya kumwaga oili: mwaka wa 20. Mzee ilimsumbua sana hiyo. Mwaka wa 20 wa nini? Ilimchukua miezi kujua kwamba ni mwaka wa 20 wa Heisei, enzi ya Mfalme Akihito, yaani 2008. Alipojua, aliinakili kwenye daftari lake kama kumbukumbu ya kwanza ya gari, juu kabisa ya ukurasa. Redio nayo ilikuja na uraia wake. FM ya redio za Japani za wakati ule inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni yoyote ya Dar iliyo juu ya 90 haikuwepo duniani kwa mzee hadi fundi redio alipomfungia ekspanda.

Jina lenyewe nalilipenda nilipokuja kulielewa. Carina ni kundi la nyota za upande wa kusini, na kwa Kilatini maana yake ni mkuku, lile gogo la chini linaloshika chombo kizima cha baharini. Ndani ya kundi hilo ndimo ilimo Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku, ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitazama kujua kusini iko wapi. Toyota ilianza kutengeneza Carina mwaka 1970 na ikaisimamisha 2001, nafasi yake ikachukuliwa na Allion. Ya kwetu ni ya kizazi cha mwisho, kilichoanza 1996. Mafundi wangu hawana habari na nyota. Kwao ni "tii-ai" tu, injini 5A, cc 1,498, basi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba gari la umri huu ni la kwendea sokoni na kanisani, safari ndefu usithubutu. Mwaka 2019 tulipata msiba Njombe, na hatukuwa na lingine. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, shangazi yangu na binti yake. Tuliondoka Dar usiku, tukaipita Mikumi kwa mwendo ule ule wanaoutaka kwenye vibao, tukaingia bonde la Ruaha jua likiwa limeshachachamaa. Kilomita chache kabla ya Ruaha Mbuyuni injini ikazimika. Haikugonga, haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyekata simu. Usukani ukawa mzito, nikaivuta pembeni kwa nguvu za mwendo uliobaki. Nikapiga stata: ikazunguka haraka, nyepesi, kama cherehani isiyo na nguo.

Mume wangu alivunja matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, kwa sababu triango peke yake kwa malori ya njia ile ni pambo. Bodaboda mmoja akaenda kutuletea fundi. Alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu, ndala miguuni, begi la shule limejaa spana. Hakuuliza gari limefanyaje. Aliuliza, "Hii ni 5A au 7A?" Nikamwambia 5A. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji apige stata. Dada, wewe njoo uone." Nikachungulia kwenye lile tundu. Chini injini inazunguka, lakini kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaofungua vali, umelala tuli unang'aa oili. "Belti ya taimingi imekata," akasema. Dakika mbili hazikufika.

Swali langu lilikuwa lile linalomjia kila mwenye gari: vali zimepinda? Maana kwenye injini nyingi belti hiyo ikikatika, pistoni hupanda na kuzikuta vali zimesimama njiani, zinagongana, na hapo unaanza kuulizia bei ya injini nzima. Kijana akacheka. "Hii hata ikate mara kumi, dada. Hazifikiani." Ndivyo 5A ilivyoundwa. Pistoni ikiwa juu kabisa na vali ikiwa imefunguka mwisho, bado kuna uwazi kati yao. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Kwa kaka yake, kwenye teksi za Iringa mjini.

Belti ilipatikana Ruaha Mbuyuni kwenye duka lililokuwa likiuza pia kamba za manila, majembe na dawa za vitunguu, kwa sababu pale ni nchi ya vitunguu. Ilikuwa imening'inia ukutani, saizi yake hasa, kana kwamba walijua tunakuja. Shilingi 30,000. Kijana akafungua tairi la mbele kulia, akaishika injini kwa jeki iliyowekewa kipande cha ubao ili isitoboe sampo, akalegeza maunti, akafunua vifuniko. Chini, kwenye puli ya kreki, kuna mkato unaotakiwa usimame kwenye sifuri. Juu, kwenye gia ya kemshafti, kuna kitundu kidogo ambacho lazima kitazamane na alama iliyo nyuma yake. Alifuta vumbi kwa kidole, akafunga jicho moja, akachungulia kile kitundu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Likiruka jino moja, gari linawaka, ila mlima hulipandi," akasema. Alipokwisha kuvisha belti hakuharakisha kuwasha. Alizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, akakagua alama upya. Hiyo mizunguko miwili nimeishika, kwa sababu tangu siku ile nimekutana na mafundi wa gereji zenye vigae sakafuni ambao hawafanyi.

Shangazi haya hayakumhusu. Alipanda bodaboda, akatokomea, akarudi na gunia la vitunguu. "Kwa bei ya hapa nisingeviacha," akasema, na hatukuwa na nguvu ya kubishana. Ufundi ulikuwa 40,000, bodaboda 5,000, muda saa tatu. Kitonga tuliipanda kiyoyozi kimezimwa, gia ya pili, nyuma ya lori lililokuwa likitambaa, jicho langu moja kwenye mshale wa temprecha. Mshale haukuondoka mahali pake. Tuliingia msibani usiku na gunia letu, na kwa kuwa msiba una walaji, hakuna aliyetucheka. Gari lilinuka vitunguu miezi miwili.

Watu huisifu Toyota, na mimi sibishi. Lakini siku ile Toyota ilikata belti porini. Waliotufikisha Njombe ni kijana mwenye ndala, kaka yake wa Iringa, na mwenye duka aliyeona inamlipa kutundika belti ya 5A kati ya majembe. Hao wote wapo kwa sababu magari ya aina yangu ni mengi na yamekaa nchini muda mrefu. Yaliingia yakawa teksi, mengine teksi bubu, yakichoka mjini yakapelekwa mikoani yakawa michomoko ya kubeba watu tisa na kuku. Kila fundi wa rika lile alijifunzia mkono humo. Kila lililoanguka likachinjwa, taa zake zikaenda huku, giaboksi kule. Gari langu lina ukoo, na ukienda safari na mwenye ukoo hulali njaa. Mwenzangu mmoja ofisini ana gari la Ulaya lenye umri nusu ya langu. Mwaka jana alikaa wiki tatu akipanda mabasi ya mwendokasi, akingoja kisensa kimoja kije kwa ndege.

Hata vioo vyangu ni vya ukoo. Mzee, kama wengi mjini, alichonga namba ya gari kwenye taa na kwenye vioo vya pembeni ili vikiibwa visiuzike. Cha kushoto kiliibwa hivyo hivyo na namba yake, Kariakoo, mchana kweupe, nikiwa nimekwenda kununua sare za shule. Kilichofungwa badala yake ni cha mtumba, na kwa pembeni kina namba ya gari la mtu mwingine, namba A, imekwanguliwa isifutike vizuri. Nikigeuza shingo kuhama leni huwa namwona. Sijui yuko wapi. Naye pengine anatazama yangu.

Ila ukoo nao una uzushi wake, na hapa lazima niseme ukweli. Ujuzi wa mtaani unaopita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo hubeba na makosa, yakapita kama urithi. Kosa kubwa kuliko yote ni la thamostati. Ni kifaa kidogo cha shaba na springi kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia ili maji yasiende kwenye rejeta, yakifika joto la nyuzi 82 hivi kinaanza kufunguka. Fundi wetu wa mwanzo, mtu mwema ambaye sitamtaja, aliking'oa na kukitupa. "Hii imewekwa kwa ajili ya baridi ya kwao," alimwambia mzee. "Dar joto lote hili ya nini?" Mantiki yake inavutia. Magari mengi ya umri huu mjini, ukifungua, kifaa hicho hakimo.

Kinachotokea ni hiki. Maji yanapita kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake la kazi, hasa alfajiri kwenye barabara iliyo wazi. Kompyuta ya gari inasoma joto dogo na kuamini kwamba injini imewashwa sasa hivi, kwa hiyo inaendelea kumimina petroli ya ziada. Mimi niligundua kwa daftari. Carina ilikuwa ikinipa kilomita 8 kwa lita, wakati kurasa za mzee za mwanzo, kabla ya yule fundi, zilikuwa zikisoma 9 kwa njia zile zile. Nikaenda kununua thamostati. Ya kwanza niliuziwa 8,000, boksi limepigwa chapa safi. Kwa kuwa nilishachoka kuamini maboksi, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikakaa juu yake kama anayechemsha yai. 82, kimya. 90, kimya. Maji yakatokota, nayo imefumba kama chaza. Ningeifunga kwenye gari ingeniunguzia gasketi ya silinda hedi ndani ya wiki. Ya pili ilikuwa 45,000, nayo ilifumbua mdomo kwenye 83 huku mwanangu akishangilia.

Sasa hesabu. Kwangu hadi Posta ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Kwa kilomita 9 kwa lita natumia lita 5.6 kwa siku, kwa kilomita 8 nilikuwa natumia 6.3. Tuchukue petroli kwa 3,000 ili tusisumbuke, maana bei yenyewe EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku 22 za kazi, tofauti inakaribia shilingi 46,000. Kifaa tulichoambiwa hakina kazi kilikuwa kikinila bei yake kila mwezi, miaka na miaka.

Asikudanganye mtu kwamba gari la zamani ni bure. Mwaka jana niliandika kila senti: oili na filta kila kilomita 5,000, bushi za mbele, brekipedi, betri, tairi mbili, rejeta kuzibuliwa, pampu ya maji, bima ndogo. Jumla ni shilingi 1,940,000. Petroli ya kwenda kazini peke yake ilipita milioni nne. Watu wakiniuliza habari za gari hili huuliza gereji, na gereji ni mtoto mdogo wa familia. Anayekula sana ni foleni ya Morogoro Road. Lakini sina makato ya mkopo wa gari kwenye mshahara wangu, na kuna wenzangu ambao makato yao ya miezi mitatu yangezidi gereji yangu ya mwaka.

Serikali nayo ina namna yake ya kuutazama uzee. Bandarini unatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kenya hawalipokei kabisa gari la abiria lililozidi miaka minane, na Uganda tangu Oktoba 2018 waliweka mpaka wa miaka 15. Ukishavuka bandari yetu, hata hivyo, uzee haukugharimu tena. Mwaka 2017, katika bajeti ya Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ndio mwaka huo huo mzee alionikabidhi funguo, macho yakiwa yameanza kumsaliti. Alikuwa amezibandua stika za leseni zote saba kutoka kwenye kioo na kuzipanga ndani ya daftari. "Nimelilipia mimi wakati wa kulipiwa," akasema. "Wewe unalipata wakati wa bure." Nasema haya bila kuipigia makofi hiyo sheria. Kule lilikozaliwa gari langu lingechunguzwa breki kila miaka miwili na mtu asiyenijua. Hapa, mwaka uliopita nilipata stika ya ukaguzi ya wiki ya Nenda kwa Usalama baada ya kuonyesha mtungi wa kuzimia moto na kuwasha indiketa.

Kwa hiyo unajikagua mwenyewe, na pa kuanzia ni tairi. Tairi za mtumba huuzwa zimepakwa dawa zikang'aa kama viatu vya mwanajeshi, na kashata zake zinaonekana ndefu, mpya. Inama utafute maandishi ya DOT ubavuni, uyafuate mpaka mwisho ukute tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo. Nilijifunza hilo Ruaha: belti yangu ilikuwa imetembea kilomita 76,000 tu, ilikuwa haijafika muda wake kwa kilomita, ila ilikuwa na miaka saba. Na ilikuwa imeandikwa! 14/8/2012, km 84,310, belti ya taimingi. Kwa mwandiko wa mwalimu, wino wa bluu, imepigiwa mstari kwa nyekundu. Sikuwa nimesoma.

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada gumu, kona zimeliwa. Mzee aliichora mistari kwa rula: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei, fundi. Safu ya mwisho hakuipa jina, lakini humo huandika alama, kama alivyokuwa akisahihisha. Kazi nzuri hupata vema. Fundi wa thamostati alipata vema wakati ule, kisha miaka baadaye, nilipomwonyesha mzee hesabu yangu ya petroli, aliomba kalamu nyekundu, akakata ile vema akaweka mkasi. Mimi nimeendeleza kwa mwandiko mbaya. Tumefika kilomita 263,000, kurasa zimebaki kama 40.

Mwezi uliopita mzee alikuja Dar kutibiwa macho. Nilimfuata stendi ya Magufuli, akaingia, akapapasa dashibodi kwa kiganja kama anayemsalimia ng'ombe, akafunga mkanda. Nje haoni vizuri tena, kwa hiyo safari nzima alikuwa ametega sikio. Tulipoingia barabara yetu ya vumbi, kwenye lile shimo la pili, akainua kidole.

"Mama, umeisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Nyuma kushoto. Shokapu. Usiiache ikaua na tairi."

Kweli kulikuwa na kitu kikigonga, dufu, dufu, kila tukidumbukia. Nikaahidi kumwona fundi. Asubuhi yake nikaipeleka. Fundi akainyanyua kwa jeki, akatikisa tairi, akakandamiza kona ya gari na kuiachia, akaingia chini na tochi ya simu. Shokapu kavu, nzima, haina tone la oili. Bushi nzima. Akajipangusa mikono, akafungua buti. Kwenye kona ya kushoto lilikuwa limelala dumu la asali la lita tano, alilotuletea mzee mwenyewe kutoka Njombe, ambalo kila mmoja wetu alidhani mwenzake amelishusha.

Mzee alisisitiza liandikwe. Nikaandika tarehe, kilomita, "dumu la asali", bei sifuri. Kwenye safu ya alama alijiwekea mkasi mwenyewe.